Kwenda Elkhart Lake, klabu ikitimiza miaka 80

Ukitoka Chicago kwenda Elkhart Lake, jimbo la Wisconsin, unashika barabara kuu ya I-94 hadi Milwaukee, halafu I-43 kuelekea kaskazini, Ziwa Michigan likiwa mkono wa kulia japo kwa sehemu kubwa ya njia hulioni. Nilimpitia Mjomba kwake Milwaukee kabla jua halijachomoza. Nilimkuta ameshasimama mlangoni na chupa ya chai, amevaa koti zito ingawa Oktoba ya 2024 ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Mjomba alikuwa fundi wa magari Nakuru kabla ya kuhamia Marekani, na haya mapenzi yangu ya mbio za magari nimeyarithi kwake.

Tulikuwa tunakwenda kuangalia Runoffs, fainali za taifa za Sports Car Club of America, SCCA kwa kifupi. Ni klabu ya madereva wa ridhaa. Anayeshindana hapo wiki nzima iliyopita alikuwa kazini kwake: daktari wa meno, mwalimu, fundi bomba. Ameilipia tairi yake mwenyewe, na akishinda haondoki na pesa za kulipia nyumba. Klabu ilianzishwa Boston, Februari 1944, vita bado vinaendelea na petroli inagawiwa kwa kuponi, na watu wachache waliokuwa na nia ya kuyatunza magari ya michezo yasiishie kwenye vyuma chakavu. Mwaka huo ilikuwa inatimiza miaka 80, na fainali zake zilirudi Wisconsin, kwenye uwanja wa Road America.

Ningeweza kwenda moja kwa moja uwanjani, maana uko kando ya barabara namba 67, kabla hujaingia mjini. Mjomba alikataa. “Mpwa wangu, twende kwanza tukaone walikoanzia,” alisema, na tukapita lango la uwanja bila kusimama.

Elkhart Lake ni mji wa watu kama elfu moja, kando ya ziwa dogo lenye maji safi sana. Kuna hoteli za zamani za mbao zenye baraza pana, na inayojulikana zaidi kwa wapenda mbio ni Siebkens, ambako madereva wamekuwa wakifikia tangu hapo mwanzo. Mwaka 1950 klabu ilifunga barabara za kawaida za hapa, ikatandika marobota ya majani kwenye kona, na magari yakashindana katika mzunguko wa kama kilomita 5.3. Jim Kimberly alishinda kwa Ferrari. Mwaka 1951 na 1952 mzunguko ulirefushwa hadi takriban kilomita 10.5, ukaingia katikati ya mashamba na kurudi mjini. John Fitch alishinda 1951 akiendesha gari lililotengenezwa na Briggs Cunningham, tajiri Mmarekani aliyetaka magari ya nchi yake yapambane na ya Ulaya.

Barabara zile bado zipo. Zimeorodheshwa na serikali kama mahali pa kihistoria, na kando yake kuna vibao vinavyokuonyesha mzunguko ulikopita. Tuliufuata wote kwa mwendo ulioruhusiwa, dirisha la Mjomba likiwa wazi. Barabara ni nyembamba. Inapanda, inashuka ghafla, inapinda bila onyo, na mti mkubwa umesimama hatua chache tu kutoka kwenye lami. Kuna sanduku la barua la mtu, kuna uzio wa ng’ombe, kuna ghala la nafaka. Kona moja inaitwa Kimberly, nyingine inaitwa Wacker, kwa majina ya madereva wa enzi ile. Mjomba alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, “Hapa watu walisimama pembeni kabisa, kama sisi kwenye Safari.”

Alikuwa anasema kweli. Safari Rally ilianza 1953, ikizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, nayo pia ilikimbia katika barabara za watu. Mjomba alikuwa mtoto alipoiona mara ya kwanza Nakuru wakati wa Pasaka. Anakumbuka vumbi lilivyotangulia kuonekana kabla ya gari, na jinsi watu wazima walivyowavuta watoto nyuma kwa kola za mashati. Sisi tulibaki na barabara kwa miaka mingi. Huku waliziacha mapema, na sababu ni ya kusikitisha.

Septemba 1952, huko Watkins Glen katika jimbo la New York, klabu hii hii ilikuwa inaendesha mashindano ndani ya mji. Gari moja liligusa watazamaji waliokuwa wamekaa ukingoni mwa barabara kuu. Mtoto mmoja wa miaka 7 alifariki na watu kadhaa wakajeruhiwa. Baada ya hapo mbio za kwenye barabara za umma hazikuwa na maisha marefu, na Wisconsin nayo ikazipiga marufuku. Klabu ilibaki na madereva na magari bila mahali pa kukimbilia. Aliyewaokoa ni Jenerali Curtis LeMay wa jeshi la anga, mpenda magari mwenyewe, aliyewafungulia viwanja vya ndege za kivita. Kwa karibu miaka miwili watu walishindana kwenye njia za kurukia ndege, pana na tambarare, zisizo na mti hata mmoja. Nadhani bila zile njia za ndege klabu ingekufa ikiwa changa, na sisi tusingekuwa na safari ya kwenda asubuhi ile.

Mtu wa hapa Elkhart Lake aliyekuwa na jibu la kudumu ni Clif Tufte, mhandisi aliyekuwa na machimbo ya kokoto. Alichora njia mpya ikiyafuata mabonde na vilima kama yalivyoachwa na barafu ya kale, bila kuisawazisha ardhi ili imtii. Kazi ilianza majira ya machipuko ya 1955, na Septemba ya mwaka huo huo magari yalikuwa yanakimbia. Katika mbio kubwa za wikendi ile ya ufunguzi Phil Hill, akiwa na Ferrari, alimshinda Sherwood Johnston wa Jaguar baada ya kufukuzana hadi mwisho. Njia ina kona 14 na urefu wa kilomita 6.5, na mpaka leo inapita pale pale alipoichora Tufte. Hilo ni jambo la nadra mno. Karibu kila uwanja mkongwe duniani umekatwa, umepunguzwa au umepindwa upya.

Tulipoingia uwanjani ukungu ulikuwa unaondoka. Mahema yalikuwa yamejaa chini ya miti iliyoanza kugeuka rangi, na soseji za brati, chakula cha kaunti hii ya Sheboygan, zilikuwa zinachomwa tayari ingawa saa tatu ilikuwa haijagonga. Sehemu ya mafundi haina uzio wa kuwatenga wakubwa. Unapita katikati ya trela na magari, unasimama unapotaka, unauliza unachotaka. Huyu ameegesha kilori cha kukodi, yule amelala kwenye gari lake la mizigo. Watoto wanasukuma tairi.

Mjomba alisimama kwenye magari ya Formula Vee na hapo nikajua tutakaa. Daraja hili lilitambuliwa na klabu mwaka 1963, na wazo lake ni rahisi: chukua injini ya Volkswagen Beetle ya sentimita za ujazo 1200, gia zake, ekseli yake ya mbele na breki zake za ngoma, vifunge kwenye fremu nyembamba ya mabomba, mweke mtu katikati. Lengo lilikuwa mtu wa kipato cha kawaida naye aweze kushindana. Miaka 60 na zaidi imepita na bado wanashindana kwa vipuri vile vile.

Baba mmoja na binti yake walikuwa wanaseti tapeti, yaani nafasi za vali za injini. Binti alikuwa amepiga magoti kwenye kipande cha zulia, anaizungusha injini kwa mkono polepole, na baba ameingiza fila geji, kile kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi hiyo, ameinamisha kichwa kusikiliza kama mtu anayetafuta mapigo ya moyo. Mjomba hakujizuia. Alimwomba ruhusa, akashika ile fila geji, akaivuta na kuirudisha mara mbili, akasema kwa Kiingereza kwamba ya tatu imebana kidogo. Yule baba alijaribu tena, akatikisa kichwa kukubali, akalegeza nati. Basi wakawa marafiki. Mjomba akamweleza kwamba Beetle ilishinda Safari mwaka 1954 na Vic Preston, na ikashinda tena 1957 na 1962, kwenye matope ambayo magari makubwa yalizama. Binti aliacha kazi akasikiliza. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba injini aliyoishika ilikuwa na historia nchini kwetu.

Historia za pande hizi mbili zinakutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Kwenye maegesho ya wageni tulikuta Datsun 240Z ya rangi ya chungwa, na Mjomba akaizunguka yote kabla ya kusema neno. Edgar Herrmann alishinda Safari ya 1970 kwa Datsun 1600 SSS, na ya 1971 kwa 240Z. Miaka hiyo hiyo miwili, John Morton alikuwa bingwa wa taifa wa SCCA katika daraja la C Production, kwa 240Z pia. Gari ambalo Mjomba alilipungia mkono akiwa peku kando ya barabara ndilo lililokuwa likiwapa ubingwa madereva wa ridhaa upande huu wa bahari. Baadaye hata mwigizaji Paul Newman alitwaa taji la 1979 la fainali hizi kwa Datsun 280ZX, na watu wa klabu wanamkumbuka kama mwenzao aliyepanga foleni ya ukaguzi wa gari na wengine.

Mbio zilipoanza tulikwenda kwenye kona iitwayo Canada Corner. Magari yanatoka kwenye Carousel, ile kona ndefu isiyotaka kwisha, yanapita kona ya Kink bila kupunguza sana, yanateremka msituni, na unayasikia muda mrefu kabla hujayaona. Kisha yanatokea yote kwa pamoja, breki zinalia, na unashangaa wanavyopishana sentimita chache na wote wanatoka wazima. Formula Vee hazina nguvu nyingi, kwa hiyo kila moja inajificha nyuma ya mwenzake ili ivutwe na upepo, na kundi zima linafika kona likiwa limeshikana.

Lakini macho yangu yalikuwa zaidi kwa washika bendera. Wote ni wa kujitolea. Mama mmoja wa makamo alisimama ameyapa mgongo magari yanayokuja, anatazama mbele ambako ajali ingetokea, na mwenziwe anatazama wanaokuja. Kila mmoja ni jicho la mwenzake. Gari moja lilipozunguka na kusimama kwenye nyasi, mwenziwe hakuwa amemaliza kulitaja na bendera ya njano ilikuwa hewani tayari. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Dereva alirudi njiani, bendera ikashuka, na mama akaandika mstari mmoja kwenye daftari kwa penseli. Kwangu mimi hii ndiyo klabu yenyewe. Madereva huja na kuondoka na vikombe, ila miaka 80 imebebwa na watu wanaoamka alfajiri kusimama kwenye baridi ili mtu wasiyemjua arudi nyumbani salama. Kilichotokea Watkins Glen hawajakisahau, na wanakikumbuka kwa jinsi wanavyosimama.

Wakati wa mapumziko Mjomba alimfuata yule mama nje ya kituo chake. Alitaka kujua mtu anaanzaje. Mama akamwambia haihitaji kuwa na gari wala pesa: unajiandikisha, unapangwa na mzoefu, unajifunza ukiwa kazini. Chicago Region, tawi la karibu na kwangu, hukimbia Blackhawk Farms, mpakani mwa Illinois na Wisconsin. Akamtajia na mavazi. Nguo za pamba, kwa sababu nailoni inayeyuka moto ukitokea. Usivae njano wala nyekundu, dereva asije akadhani wewe ni bendera. Na viatu vya kufunika kifundo.

Jioni tulirudi kwa njia ya Plymouth, mji wa jibini, nikidhani tutasimama kununua jibini. Mjomba aliniomba nisimame kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alitoka na jozi mbili za suruali nyeupe za pamba, zile za wapaka rangi, moja saizi yake na moja saizi yangu.