Seva sita, daftari moja na rauta iliyosahaulika

Uyole mwezi wa saba baridi haina huruma. Nilikuwa nimeketi kwenye kreti nyuma ya kabati la seva, upande unaotoa hewa ya moto, daftari mapajani, nikinakili namba za MAC, yaani kitambulisho cha kila kadi ya mtandao, kutoka kwenye stika. Kila kadi ya mtandao ina herufi na tarakimu kumi na mbili. Stika ikichakaa, 8 na B ni mapacha, kwa hiyo nilizisoma kwa sauti na kijana ninayefanya naye kazi akazirudia ndipo niandike.

Seva zilikuwa sita, za mtumba, zote tupu. Mwaka jana kazi kama hii niliifanya kwa flashi: chomeka, chagua lugha, gawa diski, andika anwani, subiri, hamia nyingine. Kufika ya tatu nilishaipa anwani ya ya pili. Safari hii nilitaka kila mashine iwake, iulize, ijibiwe.

Anayejibu ni DHCP, utaratibu wa kuzigawia mashine anwani za mtandao. Mashine ikiwaka haijui hata jina lake. Inauliza mtandao mzima nani ana anwani. Seva ya DHCP, inayosikiliza mlango wa 67, inapendekeza anwani, mashine inaiomba, seva inakubali. Anwani hiyo ni ya kupanga: muda ukifika nusu, mpangaji anarudi kuomba aongezewe. Ndani ya jibu hilohilo unatia pia jina la faili la kuwashia, na hapo ndipo kazi yangu yote ilipoegemea. Kadi yenye PXE, yaani uwezo wa kuiwasha mashine kupitia mtandao, inalichukua faili kwa TFTP, njia nyepesi ya kuhamisha mafaili, kisakinishi cha mfumo wa uendeshaji wa Debian kinaanza, kinasoma faili la majibu niliyokwisha kuyaandika, hakimuulizi mtu.

Nilitumia dnsmasq, programu ndogo inayofanya kazi ya DHCP na TFTP pamoja, kwenye kikompyuta chenye kadi mbili, moja ya intaneti, nyingine ya swichi ya seva:

interface=enp2s0
dhcp-range=192.168.50.100,192.168.50.150,12h
dhcp-host=00:00:5e:00:53:0b,192.168.50.11,seva1
dhcp-boot=pxelinux.0
enable-tftp
tftp-root=/srv/tftp

Mstari wa dhcp-host unarudiwa kwa kila seva. Anwani zao nimeziweka nje ya fungu la 100 hadi 150 makusudi, ili mgeni yeyote ajulikane kwa namba yake. Mashine zangu zinawaka kwa BIOS, mfumo wa zamani wa kuwashia. Mwenye UEFI, ule mpya, atafute faili jingine la kuwashia.

Ya kwanza na ya pili zilienda safi. Ya tatu, kisakinishi kilianza vizuri, kisha kikasema faili la majibu halipatikani.

"Dada, hii imegoma," kijana akaniita. Akabadilisha kebo. Ikagoma tena.

Nikafungua tcpdump, programu ya kutazama yanayopita kwenye mtandao, tukaiwasha seva upya. Ombi moja, mapendekezo mawili: langu, na jingine kutoka 192.168.1.1. Mashine huomba anwani mara mbili, kwanza kadi yenyewe, halafu kisakinishi. Kadi ilichagua pendekezo lenye faili la kuwashia, yaani langu. Kisakinishi kikachukua lililowahi kufika. Mbili za kwanza zilipona kwa bahati tu, na hilo ndilo linaloniudhi: mtandao wenye wagawaji wawili hauharibiki wazi, unaharibika kwa zamu.

Tulifuata kebo kwa mkono hadi juu ya kabati la mafaili. Kulikuwa na rauta ndogo ya Wi-Fi, vumbi tupu, taa inawaka. Nikaichomoa kwenye swichi, na zilizobaki zikamaliza zenyewe tukiwa tunakunywa chai. Sasa kabla sijawasha DHCP yangu mahali popote, kwanza naomba anwani kama mteja wa kawaida, nione nani anajibu.

Wiki iliyopita seva ya nne ilibadilishwa madabodi. Ilipowaka ikapewa 192.168.50.112 badala ya 14, nikajua papo hapo kwamba MAC imebadilika. Nikarekebisha mstari mmoja, nikaiwasha tena, kisha nikafungua daftari, nikaikata namba ya zamani na kuandika mpya pembeni yake.