Kusini kwa Hiace: safari tuliyoipanga kwa bamvua na maji mafu

Watu wakiikuta Hiace yetu imeegeshwa karibu na diko la samaki, godoro limeanikwa juu ya keria na jiko la gesi liko chini ya mwembe, swali la kwanza ni lile lile: "Mnauza nini nyie?" Hatuuzi kitu. Mimi na mume wangu, Baba Nasra, tumestaafu, watoto wana maisha yao, na tumeamua kuizunguka pwani tukila samaki tungali na meno. Hapa naeleza safari ya kusini, Dar hadi Msimbati, kijiji cha pwani karibu na mpaka wa Msumbiji, maana ndiyo majirani wanayoniuliza kila siku jinsi tulivyoimudu.

Nianze na gari, ingawa gari ndiyo sehemu rahisi. Ni Hiace ya kawaida iliyokuwa ikibeba abiria. Tulitoa viti vyote vya nyuma, fundi wa Keko akatupigia kitanda cha mbao chenye droo chini, fundi cherehani akashona neti za mbu za kubandika madirishani. Juu kuna paneli moja ya sola inayochaji betri ya pili, na betri hiyo inawasha taa, inachaji simu na kuzungusha feni. Kwenye feni usibane pesa. Usiku wa pwani ukifunga milango bila feni, hulali, unaiva. Maji tunabeba kwenye madumu ya lita 20, ndoo yenye mfuniko ni ya dharura za usiku, na mtungi wa gesi ni ule mdogo wa kilo 6. Friji tulikataa. Inanyonya betri, na ukiweka samaki ndani, baada ya siku mbili kila kitu kinanuka, mpaka maziwa ya chai. Tuna deli kubwa, barafu tunanunua kule kule tunakonunua samaki, na maji yake tunayamwaga kila asubuhi, kwa sababu samaki anayeelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka analainika na kupoteza ladha. Ndani ya gari hatupiki kabisa.

Shughuli ilikuwa kwenye ratiba. Baba Nasra ni Mnyaturu wa Singida, mpenzi wa kuku, mwalimu wa jiografia, na alikuwa ameshaandika kila kitu kwenye daftari: Jumatatu Kilwa, Alhamisi Lindi, Jumamosi Mtwara, kilomita kadhaa kwa siku, mafuta lita kadhaa. Mimi ni wa Pangani. Nikamuuliza mwezi unaandama lini. Hakuwa ameliwazia hilo, na daftari likafungwa.

Kwetu pwani, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo bahari inapotoka na kujaa kupita kiasi. Hiyo ndiyo bamvua. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa inaweza kukaribia mita 4, na kupwa kwake huangukia asubuhi, mnamo saa nne au saa tano. Mwamba unabaki mkavu, wanawake wanaingia kutafuta pweza, na kabla ya adhuhuri pweza wako ufukweni. Baada ya kama wiki moja yanakuja maji mafu: bahari haitoki vizuri, mwamba haukauki, na anayekuuzia pweza siku hizo amemtoa kwenye barafu. Dagaa na ngisi nao wanavuliwa kwa taa usiku, kwa hiyo wanataka giza. Mbalamwezi ikiwaka, boti za taa zinapumzika. Wavuvi wa mshipi na wa jarife, yaani wavu, wana mahesabu yao, hao hukosi kuwapata. Lakini ukitaka meza ijae, hesabu ni hii: bamvua unatulia mahali, maji mafu unaendesha. Na katika bamvua mbili za mwezi, ile ya mwezi kuandama ndiyo yenye neema, kwa sababu unapata pweza asubuhi na ngisi alfajiri.

Msimu nao ulikuwa na neno. Masika hatukutaka kuisikia, na Juni na Julai kusi inavuma vibaya, vyombo vidogo haviendi mbali. Tuliondoka Septemba, upepo umeshaanza kulegea, tukiwa na maji mafu mikononi ili tufike Kilwa kabla ya bamvua.

Barabara ya Kilwa Road mpaka Kibiti ni msongamano na malori, sina cha kuisifia. Daraja la Mkapa pale Rufiji ndipo Baba Nasra alipotaka tusimame. Aliwahi kufundisha Masasi enzi za kivuko, na anasimulia namna mabasi yalivyopanga foleni mtoni, na mvua zikizidi, kusini inabaki imekatika peke yake. Daraja lilifunguliwa 2003, lina urefu unaokaribia kilomita moja, na yeye alilitembea kwa miguu kwenda na kurudi huku mimi nimekaa garini nakula machungwa. Lakini barabara hii haijamaliza vituko vyake. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Ndiyo maana chakula kikavu hakitoki garini: ng'onda (samaki wakavu), kunde, mchele na nazi mbili tatu.

Somanga kila gari linasimama, nasi tukasimama. Wanauza samaki wa kukaanga, ngisi na kamba. Usichukue kilichopangwa kwenye sinia tangu asubuhi. Simama karibu na karai, subiri kinachotoka, kula umesimama. Kamba wa Somanga akiwa wa moto, na pilipili na ndimu, Baba Nasra alisahau kwamba kuku yupo duniani.

Kilwa Masoko ndipo tulipotulia. Mjini tunaegesha uani kwa gesti: unamlipa mwenye gesti kidogo, unapata bafu, choo na mlinzi, unalala kwenye kitanda chako mwenyewe. Kijijini kusikokuwa na gesti tunakwenda kwanza kwa mwenyekiti, kabla hata kiti hakijashuka. Tunajitambulisha, tunasema tutakaa mpaka lini, naye anatuonyesha pa kuegesha, mara nyingi uani kwake mwenyewe. Usalama wa safari nzima uko hapo. Ukijificha kwenye minazi usiku utatiliwa shaka, na wana haki.

Siku ya bamvua tulishuka ufukweni mapema. Wanawake walikuwa wanarudi kutoka mwambani, kanga zimeloa hadi kiunoni, kila mmoja na fimbo yake yenye chuma nchani. Nikamfuata bibi mmoja aliyekuwa na pweza kama watatu kwenye ndoo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Watokea wapi?"

"Dar, bibi. Lakini kwetu Pangani."

"Aa, basi pweza wamjua. Sina haja ya kukudanganya."

Akanipa mmoja mkononi. Pweza aliyetoka majini sasa hivi, vikombe vya minyiri yake vinakung'ang'ania ngozi hata kama amekwisha kufa, na ngozi yake bado inabadilika rangi ukiigusa, madoa yanakuja na kupotea. Akishalegea na kuwa mweupe mweupe, huyo wa jana. Baba Nasra akauliza kama hakuna mdogo, wawili tu tunaokula. Bibi akamtazama. "Mdogo twamwacha akue, baba. Njoo mwezi ujao utamkuta mtu mzima." Si maneno ya mzaha: pweza anakua haraka mno, sheria hairuhusu kuvua aliye chini ya nusu kilo, na kuna vijiji, Songosongo wakiwemo, vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa kisha kuifungua wakati pweza wamenenepa.

Kumpika ilikuwa kazi yangu, kumpiga ilikuwa ya mwalimu. Anapigwa kwenye jiwe mpaka minyiri iache kurudi nyuma na povu litoke. Kisha namwosha, namtia kwenye sufuria yenye mfuniko mzito bila tone la maji na bila chumvi. Moto mdogo. Anatoa maji yake mwenyewe, mekundu ya zambarau, na anajipika humo humo hadi uma uingie bila kulazimisha. Yale maji nayachuja kikombe kimoja kwa ajili ya Baba Nasra, ambaye anaamini mambo ya vijana wa Dar kuhusu supu ya pweza, na sikumkatisha tamaa. Baadaye vitunguu, nyanya, bizari na kitunguu saumu, tui jepesi linachemka naye, tui zito linaingia mwisho, nalikoroga bila kuacha mkono ili lisikatike. Chumvi na ndimu mwisho kabisa. Tulikula na mhogo wa kuchemsha, miguu mchangani.

Kilwa Kisiwani tulikwenda kwa mashua, kibali na mtu wa kutuongoza tukavipatia Masoko. Msikiti Mkuu na kuba zake, halafu kasri la Husuni Kubwa juu ya jabali, na kuta zote ni matumbawe na chokaa. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco alifika hapa 1331 na akausifu mji. Kisiwa hiki pamoja na Songo Mnara viko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981. Kilichonikaa mimi ni kile kidimbwi cha pembe nane cha Husuni Kubwa, na kwamba kutoka pale juu unaona bahari ile ile na mashua zenye tanga lile lile zikiingia na samaki. Baba Nasra alipiga picha nyingi mno.

Maji mafu yakaingia, tukaondoka. Lindi tulilala usiku mmoja, ghuba nzuri, joto kali. Mwalimu alitaka kwenda Tendaguru, Wajerumani walikochimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) kati ya 1909 na 1913 wakaipeleka Berlin, nikamwambia mifupa yenyewe haipo, twende.

Mikindani ilitupata vizuri zaidi. Ghuba yake imejifunga karibu yote, maji yametulia, na mji mkongwe una nyumba za mawe na milango ya kuchonga, nyingine zimesimama vizuri, nyingine miti imeota dirishani. Livingstone alianzia hapa safari yake ya mwisho ya bara, 1866. Sisi tulianzia hapa kununua samaki kwa mnada, na hilo linahitaji maelezo.

Mnadani samaki wanamwagwa chini kwa fungu, dalali anapaza sauti, na wachuuzi wenye baiskeli na pikipiki wanapandishiana. Watu wawili wenye Hiace hawana la kufanya na fungu zima la kolekole. Njia yetu ni kumtafuta mama lishe. Nasimama naye, nampigia salamu, namwambia nataka samaki wawili tu. Yeye ananunua fungu kwa bei yake ya kila siku, mimi namlipa sehemu yangu na cha juu kidogo, na mara nyingi ananiparia magamba bure na kunieleza yupi wa kupaka na yupi wa mchuzi. Changu na tasi ni wa kuchoma. Nguru ni wa vipande. Chewa kichwa chake usikitupe.

Kukagua sijamwachia mtu. Jicho liwe limejaa na linang'aa, mashavu yakifunuliwa yawe mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Na nambonyeza mgongoni pia, kwa sababu ya baruti. Uvuvi huo umepungua sana, lakini pwani ya kusini uliitesa kwa miaka mingi. Samaki wa baruti kwa nje anaweza kuwa mzuri kabisa, ila uti wa mgongo umevunjika na ukimpasua damu imejaa tumboni. Huyo simnunui hata kwa bei ya bure. Aliyemvua amevunja na mwamba uliomzaa.

Msimbati tulifika bamvua nyingine ikianza. Njia ya mwisho ni mchanga mtupu, na Hiace si gari la mchanga, kwa hiyo tuliiacha kijijini kwa mwenyekiti, tukaenda mbele kwa bodaboda mbili, deli likiwa katikati yangu na dereva. Eneo hilo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, kiingilio kinalipwa. Hapo kina cha bahari kinaanza karibu sana na ufukwe, na miezi hiyo nyangumi wanapita na watoto wao. Tulikuwa tunapaka ukwaju na pilipili kwenye changu mtu mmoja akapiga ukelele, tukageuka, mgongo mweusi ukapanda na kushuka, halafu mkia. Changu mmoja akaungua. Tulikula yule mwingine.

Tulikaa huko hadi maji yalipoanza kufa. Ilipofika siku ambayo wanawake walirudi na ndoo tupu, tulijua zamu ya kuendesha imefika, tukakata kwenda Masasi. Mwanafunzi wa zamani wa Baba Nasra, sasa naye ana wajukuu, alisikia mwalimu wake yuko njiani akachinja jogoo. Mume wangu alimmaliza yule jogoo mpaka mifupa, akaomba mchuzi tena, na hakuna pweza wangu hata mmoja aliyewahi kupata heshima hiyo.