Vyombo Vitupu vya Jirani

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno la wiki hii ni 2 Wafalme 4:1–7.

Jumapili iliyopita baada ya ibada, dada mmoja kijana alinivuta kando, tukasimama kwenye kivuli cha mwarobaini. Mwanawe wa miaka minane ametoka hospitali majuzi, na daktari amesema asirudi shule muhula huu. Analea peke yake. Akaniambia, "Mama, nimeambiwa nimfundishe nyumbani. Nitamfundisha nini mimi? Hesabu zenyewe zilinishinda nikiwa darasa la sita." Sikumjibu vizuri. Nilimwambia Mungu ni mwaminifu, na ni kweli, lakini niliyasema kama mtu anayewahi matatu. Basi nimeketi nimjibu sawasawa, na ninyi nyote msikie.

Tuanze na yule mjane. Mumewe amekufa na deni limebaki, na mdai amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Nabii Elisha anamuuliza, una kitu gani nyumbani? Swali hilo hata wadai huliuliza, wakitafuta cha kubeba. Mama anajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta.

Mimi nilikwama kwenye hiyo "ila" mwaka 2020. Wengi wenu mnakumbuka: Jumapili, Machi 15, Rais wa Kenya alitangaza shule zifungwe kwa sababu ya korona. Tulidhani ni wiki chache. Mwezi wa saba waziri wa elimu akasema mwaka mzima wa masomo umepotea. Nilikuwa na kijana wa Gredi ya 4 na binti wa Gredi ya 1, chumba kimoja Changamwe, Mombasa, na cherehani. Baba yao alikuwa ameshaondoka miaka mitatu nyuma, na hilo sitalieleza hapa. Mimi mwenyewe niliishia kidato cha pili. Kila usiku nilimwambia Mungu, sina kitu.

Ila cherehani. Na tepu ya kupimia, upande mmoja inchi 60, upande wa pili sentimita 150. Na leso (kanga) zangu nne.

Binti yangu alijifunza kusoma kwenye leso. Nilizitundika kwenye kamba ndani ya nyumba, naye akawa anasoma jina la kila moja kwa kidole, herufi baada ya herufi: WEMA HAUOZI. Ile ya HASIDI HANA SABABU niliivaa wiki nzima kwa sababu alitaka kuisoma nikiwa natembea, na jirani mmoja akadhani namsema yeye. Ikabidi niende kumweleza.

Kijana alikuwa mgumu zaidi. Siku moja nilikuwa nakata barakoa za kuuza, nikampa swali: kitambaa cha mita moja, upana sentimita 150, kila barakoa ni sentimita 20 kwa 20, zitatoka ngapi? Akazidisha, akagawanya, akaniletea 37 na nusu. Nikamwambia si kweli. Akasema ni kweli, hesabu haidanganyi. Nami nikapandisha sauti, nikamwita mjinga. Ndiyo, nilisema hivyo, mimi ninayefundisha shule ya Jumapili. Alitoka nje, akakaa kwenye ngazi hadi jua likazama.

Kafyu ilipoingia saa moja alirudi ndani, hakuwa na pengine pa kwenda. Kila nikisoma pale nabii anapomwambia mjane aingie ndani ajifungie mlango na wanawe, naukumbuka usiku ule. Tunahubiriwa kwamba mlango ulifungwa ili imani isichafuliwe na wenye mashaka. Huenda. Lakini aliyewahi kujifungia na watoto wawili ndani ya chumba kimoja anajua kwamba mlango ukishafungwa hakuna wa kuonyeshwa sura nzuri. Nilimwomba msamaha. Halafu nikatandika kitambaa sakafuni, nikampa chaki na tepu, nikamwambia chora. Alichora barakoa saba kwa upande mmoja, tano kwa upande wa pili. Thelathini na tano. Ukabaki ukanda wa sentimita kumi pembeni. Akautazama kwa muda, kisha akasema, "Kumbe hesabu yangu ilikuwa sawa, kitambaa ndicho kimekataa." Ukanda ule tuliukata ukawa mikanda ya masikio.

Sasa, dada yangu, turudi kwenye agizo lililokuja kabla ya mlango kufungwa, maana hapo ndipo nilipochelewa mimi. Nabii alimtuma kwanza nje, akaombe vyombo kwa jirani zake wote. Na ona aliagizwa aombe vyombo gani: vitupu. Nimesoma kisa hiki tangu utotoni, na miaka yote nilidhani kwamba kuomba jirani ni kuomba kilichojaa, unga wake au pesa yake, ndiyo maana niliona aibu. Kwa miezi miwili sikugonga mlango wa mtu. Sisi tunaolea peke yetu tuna kiburi cha ajabu, tunataka mtu asije akasema, "Si nilikwambia hutaweza?"

Lakini vyombo vitupu vilikuwa vimejaa mtaa mzima. Mlango wa tatu kulikuwa na kijana wa kidato cha nne, shule yake imefungwa kama nyingine zote, analala hadi saa nne asubuhi na mamake analia. Bibi mmoja Muislamu alikuwa na redio aliyoizima kwa kuchoshwa na habari za maradhi, na masomo ya KICD, taasisi ya mitaala, yalikuwa yakitangazwa KBC, redio ya taifa. Fundi seremala alikuwa na benchi lisilokaliwa, kwa kuwa wateja hawakuja. Niliomba vyote hivyo. Yule kijana alikuja mara tatu kwa wiki, wakakaa barazani na barakoa zao, akamfundisha mwanangu sehemu na desimali. Mamake akanishukuru mimi, wakati mimi ndiye niliyekuwa mwombaji. Bibi aliweka redio yake dirishani kwa sauti ya juu, watoto watano wakasikiliza kutoka nje. Akawa anasikiliza pia, na anawajibu walimu.

Kuna jambo jingine dogo katika mstari wa tano. Walioleta vyombo ni wale watoto. Mama alimimina tu. Nilipolisoma hilo niliacha kupanga kila somo peke yangu. Kijana ndiye aliyemsikiliza mdogo wake kusoma jioni, nami nashona. Alimfundisha vibaya baadhi ya maneno, tukayarekebisha baadaye.

Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha. Wahubiri wengi hapo humlaumu mama yule, kwamba angeomba vingi zaidi. Mimi simlaumu. Nabii alimwambia auze, alipe deni, na yaliyosalia yamtunze yeye na wanawe. Yalitosha. Tarehe 12 Oktoba kijana wangu aliitwa shule pamoja na darasa la nane na kidato cha nne. Binti alisubiri hadi Januari 4, 2021. Waliporudi hawakuwa wa kwanza darasani. Binti alikuwa anasoma herufi kubwa tu, maana leso haziandikwi herufi ndogo, na mwalimu wake alicheka sana.

Kwa hiyo wewe, dada, wiki hii usianze na vitabu vya darasa la tatu. Anza na kuangalia nyumbani kuna nini baada ya "ila". Wewe unauza mahamri. Huyo mtoto ana robo, nusu na dazeni mbele yake kila alfajiri, hata akiwa amelala kitandani anaweza kukuhesabia chenji. Kisha piga hodi kwa watu. Mimi ni chombo kitupu siku za Jumatano mchana, cherehani iko kwa fundi.

Tuombe. Ee Mungu wa mjane yule, umkumbuke mtoto huyu katika ugonjwa wake, na umpe mamake usingizi. Amina.

Lile benchi la seremala bado ninalo, hakuwahi kulidai. Mguu mmoja umelegea. Nitaupiga msumari kesho, na Jumatano nitalileta.