Siku Tatu Bila Gari la Ugavi

Amri ilikuwa fupi: kombania itoke na mahitaji ya siku tatu, isitegemee chochote kutoka nyuma. Nilikuwa koplo wa stoo chini ya sajini mmoja mkali aliyehesabu kila kitu kwa kilo. Watu 120, lita 6 za maji ya kunywa kwa mtu kwa siku: kwa siku tatu ni tani 2 na ushee, hujapakia risasi hata moja. Dizeli nayo inadai nafasi yake.

Kwenye karatasi kila kitu kilitimia. Kumbe vitu hivyo vinakulana. Chakula tulichopewa kilikuwa kikavu, cha kuchemsha, na aliyepanga mgao huko makao makuu alihesabu maji ya kunywa tu. Jikoni wakachota mapipa yale yale. Siku ya pili jioni mapipa yalilia tupu, na mvua ilikuwa imejaza mto nyuma yetu. Hakuna gari lililoweza kuvuka.

"Afande, mto umejaa, tuchote tu," nikamwambia sajini.

"Hayo ni matope, koplo. Dawa utakayotia itaishia kwenye matope."

Kweli, vidonge vya klorini havifanyi kazi vizuri kwenye maji machafu. Tukachimba mashimo, tukayatandika turubai, tukatia shabu, dawa ya kutuliza tope, tukasubiri litue. Ndipo tukachuja kwa kitambaa, tukatia vidonge na kungoja nusu saa. Kazi ya kuchosha, na dumu la lita 20 lina kilo 20, liwe la nani.

Kwenye kozi ya ugavi tulisimuliwa habari za vita vya visiwa vya Falkland, kati ya Uingereza na Argentina: meli ya mizigo ya Waingereza, Atlantic Conveyor, ilipopigwa 25 Mei 1982, helikopta 3 za Chinook, zile kubwa za kubeba mizigo na watu, ziliteketea humo, na askari wengi wa Uingereza wakavuka kisiwa kwa miguu, mizigo mgongoni. Niliikumbuka nikipanda mteremko na madumu mawili.

Mafuta nayo yalibanwa. Kamanda alitaka taa kwenye hema lake.

"Mkuu, jenereta inachaji betri za redio," sajini akasema. "Uchague."

Taa zikazimwa.

Mto ulipopungua, lori la kwanza likafika limejaa maboksi ya chakula kikavu. Sajini akashusha nusu, akapakia madumu matupu, akamwambia dereva asionekane tena bila boza la maji.