Kidonge hakikuwa na kosa: nilivyojifunza kutumia dawa za nguvu za kiume

Nina miaka 57. Presha ninayo mwaka wa kumi sasa, na tangu tezi dume ianze kunisumbua nameza kidonge kingine kila usiku ili mkojo utoke vizuri. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo yaliyokaribia kuniua, na hakuna hata mmoja kati ya walionishauri aliyeniuliza.

Nguvu zilipoanza kupungua nilinyamaza karibu mwaka mzima. Nikawa nachelewa kulala makusudi, nasubiri mke wangu apitiwe na usingizi ndipo niingie chumbani. Rafiki mmoja nilipomfungulia moyo alinijibu kama mtu aliyesomea: "Meza kidonge cha nguvu za kiume, kile cha miligramu mia nzima, kula ushibe, dakika kumi tu utaona." Mwingine akaniletea unga wa mizizi, eti wa asili, hauna madhara. Hela niliyomaliza kwenye unga ule ingetosha kumwona daktari mara tatu. Baadaye nikaja kujua kwamba mamlaka za dawa zimewahi kukuta sildenafil, dawa ileile iliyomo kwenye kidonge alichonitajia rafiki yangu, ndani ya bidhaa nyingi za namna hiyo, imechanganywa kimyakimya, na mnunuzi hajui anameza kiasi gani. Mpaka leo nikikumbuka hasira inanipanda.

Usiku wenyewe nilikula chakula kizito chenye mafuta, nikameza sildenafil ya miligramu 100. Dakika kumi zikapita, nusu saa, saa nzima. Nimelala chali natazama dari, nasubiri kidonge kifanye kazi chenyewe, na mke wangu amenipa mgongo. Sikujua kwamba mafuta huchelewesha dawa kuingia kwenye damu. Sikujua pia kwamba dawa hii haileti hamu. Inasaidia damu kujaa pale ambapo mwili umeshaamshwa. Nikakata tamaa, nikameza kidonge changu cha tezi dume kama kawaida, nikalala.

Niliamka kwenda kujisaidia uso unawaka, pua zimeziba, kichwa kinagonga, na taa ya chooni naiona ya bluu. Nilipomaliza nikageuka, macho yakaingia giza. Nilijikuta sakafuni, shavu limegusa vigae vya ukuta, jasho la baridi linanitiririka. Kila nikijaribu kuinuka, miguu inakataa.

"Baba watoto, kuna nini huko?"

Sauti haikutoka. Alipoingia alinilaza chini palepale, akapindua ndoo na kuiegemeza miguu yangu juu yake. Fahamu ziliporudi akaniuliza nimemeza nini, nikamweleza kila kitu. Akalia. Mwaka mzima alikuwa anaamini nimepata mwanamke mwingine.

Hatukusubiri kukuche. Na hapa mke wangu alifanya jambo ambalo nalisifu mpaka leo: alifagia dawa zote za kabatini, hadi matone ya macho, akazitia kwenye mfuko mmoja. Daktari alizimwaga mezani, akazipitia moja moja, akakishika kile cha tezi dume. Doxazosin. Akanieleza kwamba hicho hulegeza mishipa ya damu, sildenafil nayo hulegeza, na dawa ya presha ipo hapohapo. Ndiyo maana niliposimama presha ilianguka.

Kisha akaniuliza, "Baba, una dawa yoyote ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana? Nitrogliserini? Isosobaidi?"

Nikamwambia sina. Akasema ningekuwa nayo, vidonge hivi ningevisahau kabisa, kwa sababu vikikutana presha inaweza kuporomoka hadi mtu afe.

Akapima moyo, mafuta ya damu na sukari. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi uharibifu huonekana huko kwanza. Sukari yangu ilikuwa juu, nami sikuwa na habari. Kama ningeendelea na unga, ningejua lini?

Tulianza upya baada ya sukari na presha kutulia, kwa miligramu 25, mbali na saa ya doxazosin, kiasi cha saa moja kabla ya tendo, tumbo likiwa jepesi. Mara moja tu ndani ya saa 24, hata kama haikufanya kazi. Mara ya kwanza mambo yalikuwa nusunusu na nikatamani kuongeza. Sikuongeza. Mara ya nne mke wangu alicheka kwa furaha gizani, na hilo lanitosha kulieleza. Kwenda 50 aliniruhusu daktari mwenyewe, miezi miwili baadaye. Kuna aina nyingine, tadalafili, inayodumu hadi saa 36. Wapo inaowafaa zaidi, mimi sikuihitaji.

Kila nikimeza naandika saa kwa kalamu juu ya boksi, na mke wangu anajua lilipo. Kifua kikinibana, atawaambia wahudumu kabla hawajanipa chochote. Uume ukisimama zaidi ya saa nne, au macho au masikio yakizima ghafla, ni hospitali saa hiyohiyo, hakuna kuona aibu.

Mwezi uliopita shemeji yangu alinivuta pembeni akaniomba viwili. Nilimuuliza swali lile la chini ya ulimi kabla hajamaliza kujieleza. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa kidogo cha kupulizia dawa hiyo chini ya ulimi. Anacho tangu alipougua moyo. Nilimkatalia, akanuna, lakini kesho yake tulikwenda wote kwa daktari. Amepewa pampu inayovalishwa kwenye uume na kuvuta hewa ili damu ijae, na anafundishwa kuitumia.