Chochote Tu, Mwanangu

Siku niliyomwambia mama kwamba kila Jumatano jioni nahudumia chakula kwenye ukumbi wa kanisa, simu ilikaa kimya hata nikadhani mtandao umekatika. Kisha akauliza: "Kanisani, mwanangu? Na nguruwe je?"

Sikumlaumu. Mimi ni mtoto wa Wete, Pemba, na kabla ya kwenda Uingereza kanisa nililowahi kuingia ni moja tu, lile la Mkunazini mjini Unguja, skuli ilipotupeleka kuoneshwa palipokuwa soko la watumwa. Nikamweleza taratibu kwamba ukumbi wenyewe uko nyuma, sipo wanapofanyia ibada. Nguruwe sigusi, na mpishi mkuu alilijua hilo tangu siku ya kwanza, akanitoa jikoni akanipa meza. Mwezi wa Disemba magharibi ya Coventry huingia hata saa kumi ya jioni haijafika, basi hunifungulia chumba wanachosomea watoto siku ya Jumapili, nikaswali baina ya viti vidogo vya rangi, kisha nikavaa aproni. Mama akasikiliza mpaka mwisho. "Haya," akasema. "Mwenye njaa hana dini, mpe ale."

Chakula chenyewe ni bure na mlangoni mtu haulizwi ana shida gani. Hilo nalitaja makusudi, kwa sababu sehemu nyingi za kugawia chakula kule lazima uje na hati ya mtu wa kukuthibitisha kwamba kweli huna, na ukitoka unatoka na mfuko mkononi. Hapa mtu anakaribishwa, anaoneshwa kiti. Meza zina vitambaa na ua moja ndani ya gilasi. Kuna menyu iliyochapwa: supu ya aina mbili, chakula cha aina mbili, na kitu kitamu cha mwisho. Mhudumu anakuja na kijidaftari chake, na swali lake la kwanza ni kama kuna chakula kinachokudhuru, maana sheria ya Uingereza imetaja vitu 14 ambavyo lazima mlaji aambiwe vimo, kuanzia karanga na maziwa hadi ufuta na haradali. Jikoni kuna mtu na kipimajoto chake, kazi yake kuhakikisha sufuria zinazosubiri hazishuki chini ya nyuzi 63. Utadhani hoteli.

Mwanzo niliona ni kujisumbua. Watu kama 60, weka sufuria mbele, panga foleni, nusu saa kila mtu ameshakula. Mzee mmoja wa meza ya sita ndiye aliyenifahamisha.

Alikuwa akikaa kiti cha karibu na mlango, koti limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, hata ukumbi uwe na joto vipi. Namuuliza: supu ya dengu au ya boga? "Chochote tu." Kuku au pai ya mboga? "Chochote." Karatasi ya menyu alikuwa akiikunja mara nne bila kuisoma, akaitia chini ya sahani. Wiki baada ya wiki. Siku moja nikitoa vyombo nikaona karoti zote zimefichwa chini ya karatasi ya kufutia mdomo, zimepangwa vizuri, tusije tukajua kwamba kaziacha. Nilisimama pale na ile sahani mkononi. Mtu mzima, nywele nyeupe, anaficha karoti kama mtoto anayeogopa kupigwa.

Jumatano nyengine, bila kunitazama, akasema: "Karoti usinitilie." Baadaye kidogo nikaona koti liko nyuma ya kiti. Na ikafika siku akaninyooshea mkono kutoka mbali, akaniambia supu yake imepoa. Nililichukua lile bakuli nikenda nalo jikoni, na mpishi aliponitazama usoni akajua. Akaichemsha upya, akamtilia na kipande cha mkate cha moto.

Mtu anayesema chochote anaogopa kwamba akichagua atafukuzwa. Anayerudisha supu amejua kuwa ni mgeni wa watu.

Sasa niko nyumbani, Wete, nimekuja likizo mwezi wa Ramadhani. Wala sidai kwamba Wazungu ndio waliotufundisha kukirimu. Mimi nimekulia kwenye mtaa ambao adhana ya magharibi ikikaribia kila nyumba inatoa sinia lake barazani, limefunikwa kawa, na anayepita njia anavutwa mkono akae, awe anajulikana au hajulikani. Lakini likizo iliyopita niliona jambo ambalo mpaka leo linanikaa kooni. Wanawake wazee wamepangwa juani, kila mmoja anapewa mchele na sukari, na kabla ya kuondoka lazima aunyanyue mfuko apigwe picha. Mmoja wao alinisomesha juzuu nikiwa mdogo. Alivuta ukingo wa kanga mpaka puani.

Kwa hiyo mwaka huu nikamwambia mama nataka tufuturishe wazee 30, na wapwa zangu wawe wahudumu. Wanaume barazani, wanawake uani, mikeka mipya, watoto wapite na birika na bakuli wawanawishe wakiwa wamekaa. Na kila mzee aulizwe anataka nini.

Hapo mama alikataa. "Mgeni haulizwi. Mgeni anatiliwa. Ukimuuliza unamwonesha hutaki kumpa."

Ana haki yake, na ndivyo nilivyolelewa na mimi. Nikamjibu: "Hatuwaulizi kama watakula, mama. Tunawauliza wanachokipenda." Akaendelea kukuna nazi bila kunijibu, na mimi nikachukua kimya chake kuwa ruhusa.

Adhana ikaadhiniwa, tende na maji yakazunguka, watu wakaswali. Wapwa zangu wakatoka na vijidaftari: uji wa pilipili manga au wa ngano? Muhogo wa nazi, ndizi au majimbi? Changu wa kukaanga au pweza wa mchuzi? Yule mkubwa, ana miaka kumi na mitano, alirudi jikoni midomo inamtetemeka. Karatasi ilikuwa tupu. "Ma mdogo, wote wanasema chochote tu, mwanangu, Mungu akujaalie."

Neno lile lile! Kutoka meza ya sita mpaka uani kwa mama.

Nikamwambia aache daftari. Vitoeni vyakula vyote, wekeni katikati, fungueni makawa waone kwa macho yao, kisha piga goti mbele ya kila mmoja umuulize tena, na usiondoke mpaka akuoneshe. Ilichukua muda. Bibi mmoja akanyoosha kidole kwenye pweza, akakirudisha haraka, akakinyoosha tena. Mwengine akasema majimbi, kisha akaomba msamaha kwa kuyasema. Mwalimu wangu wa juzuu alikubali muhogo, akamega, akatafuna taratibu, akatua.

Nilikuwa mlangoni na sinia tupu. Nikamwona anamvuta mpwa wangu kwa ukingo wa mtandio.

"We mtoto. Muhogo wenu huu una mizizi. Nipe ndizi. Si hiyo, ile ya juu iliyoiva."

Mpwa wangu akanitazama, hajui acheke au atake radhi. Kabla sijasema kitu mama alishainuka kwenye kibao cha mbuzi, kachukua upawa, anapakua mwenyewe.