Ketamini ilivyonipeleka nikarudi

Mwaka 2015 nilianguka na bodaboda nikavunjika mkono, hospitali wakasema mfupa uvutwe urudi mahali pake kwanza ndo nifungwe hogo. Nesi wa usingizi akanichoma ketamini, dawa ya usingizi, kwenye mshipa, akaniambia "waza kitu kizuri kaka, maana ukiingia na hofu utakutana nayo huko".

Nikawaza Coco Beach. Wapi! Dari ikajikunja, mkono sina, mwili sina, nimebaki macho tu yanazunguka ndani ya rangi ya zambarau, na nakaa humo miaka na miaka mpaka nikajua basi hivi ndo kufa kulivyo, na wala sikuogopa.

Nimezinduka nesi ananisomea fomu yake: mapigo yamepanda kidogo, oksijeni ya damu asilimia 98, macho wazi muda wote, dakika 15. Yaani miaka yangu yote ile ni dakika 15! Halafu bro aliyekuwa mlangoni akadai mfupa ulipovutwa nilipiga yowe nikimwita mama. Mimi hilo yowe silijui kabisa.

Hapo ndo niliponasa mpaka leo. Nimesoma sana baadaye, kwamba 1964 mtafiti wa dawa Edward Domino na wenzake waliwapa dawa hii wafungwa huko Michigan, Marekani, na wao wakasema wanaelea, na kwamba ukipima mawimbi ya ubongo wa mtu aliye kwenye ketamini unakuta bado uko bize. Sawa, ila zambarau yangu haimo kwenye grafu. Na wanaosema ukitaka kujua mtu alihisi nini basi muulize mwenyewe, mwenyewe si ndo mimi, na yowe silikumbuki! Je niliumia kweli nikasahau, au mdomo ulilia peke yake ndani hamna mtu? Fomu haisemi, mimi siwezi kusema, na bro alisikia sauti tu.

Yule nesi nilimpenda kwa kitu kimoja, alikuwa na daftari lake la pembeni anaandika wagonjwa walichoona. Akaniuliza zambarau ipi, ya kuiva au ya kupauka? Nikashindwa kueleza, nikanyoosha kidole kwenye kanga ya mama mmoja aliyekaa kwenye benchi, hiyo hapo, ila iwe na mwanga kwa ndani. Nesi akasogea kuiangalia vizuri, akaandika.

Mama wa watu akashtuka, "kanga yangu ina nini jamani?"